Miezi Tisa ya Majaribio

Viatu vya kazi vilinikataa.
Miaka sita vimelala chini ya kitanda,
ngozi imekakamaa kama mkate wa juzi,
na kuinama tu kuvifunga kamba
nilihesabu hadi ishirini na nne.

Nje, Erie imefunikwa. Ziwa halionekani,
theluji imemeza hata kibao cha kituo cha basi.
Nikasimama na fimbo yangu ya alumini,
mtu mzima wa miaka hamsini na mbili
na chakula chake kwenye mfuko wa karatasi
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Duka la Gorski: misumari, rangi, chumvi ya barabarani.
Kazi yangu ni kuchonga funguo.
Mteja analeta mmoja, anaondoka na pacha wake
ungali wa moto, unanuka shaba iliyosagwa.
Wa kwanza niliuharibu. Wa pili pia.
Wa tatu ulifungua; mwenyewe alirudi kuniambia,
nikajifungia chooni nikalia kidogo,
si kwa huzuni.

Serikali imenipa miezi tisa.
Bi Okerlund alinieleza kwenye simu, polepole,
kama mkunga na mwenye mimba ya kwanza:
miezi tisa fanya kazi, mafao hayaguswi,
baada ya hapo tutakupima.
Nikauliza, mtapima mgongo au mshahara?
Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.
"Tunza stakabadhi zote," akasema.

Nazitunza, kopo zima la biskuti.
Jirani yangu Harlan alitoa taarifa kila mwezi,
hakuna aliyezisoma.
Mwaka wa tatu ikaja barua: umelipwa zaidi, rudisha.
Sasa anakatwa kidogo kidogo,
na ukimwuliza deni litaisha lini
anakuonyesha makaburi ya Mtakatifu Kazimiri.

Mshahara wa kwanza nilinunua nyama
isiyobandikwa karatasi ya punguzo.
Nikaila peke yangu, redio imezimwa.

Ijumaa Gorski akaniambia, "Lorna, chukua na Jumamosi."
Ni mtu mwema. Hajui kuna mstari,
na kwamba Jumamosi iko upande wa pili.
Nikasema siwezi.
Dewayne wa rangi akacheka kwa pua:
"Wengine wamezoea vya bure."

Ningemwambia nini?
Mkono mtupu haulambwi, ndiyo,
lakini wangu ukijaa kupita kipimo hukatwa.
Kuna siku mgongo huu hunibeba,
kuna siku mimi ndiye naubeba,
vyuma viwili, skrubu sita,
na fomu yao ina visanduku viwili tu:
unaweza, huwezi. Weka alama moja.
Jumatatu naweza.
Jumanne naweza mpaka saa nane.
Jumatano usiniulize.

Huu ni mwezi wa tano.
Sijui kitakachozaliwa,
mfanyakazi au mdaiwa.
Usiku najumlisha saa zangu kwa penseli
nyuma ya bahasha zao wenyewe.

Jana aliingia bibi mmoja na ufunguo wa ghala la marehemu mumewe,
umelika hadi umekuwa laini kama peremende iliyomumunywa.
Mashine haina akili: hunakili na uchakavu.
Pacha wa ufunguo huo haufungui kitu.
Nikazima mashine, nikachukua tupa,
nikaanza kuyatafuta meno yaliyokuwapo zamani.

"Unajuaje yalikuwa wapi?" akauliza.
Sijui, nikamjibu. Napapasa.
Akavuta kiti, akaketi kungoja,
glavu mapajani,
nami saa yangu ya kutoka ikapita
kwa dakika kumi na saba
ambazo nitalazimika kuziandika.