Wa Mwisho Yuko Wapi?

Miaka tisa niliipima dunia kwa mapigo ya moyo.
Saa ya mkononi ilinitawala:
ikilia, naongeza; ikinyamaza, naongeza.
Kilomita mia, usiku kucha, taa kipajini,
jeli ya sukari ikinata kwenye ufizi,
na vikombe vya bati nyumbani kwa mama, Telavi,
alivyogeuza vya kuwekea vitunguu.

Milima ya Tusheti niliijua kwa visigino.
Kutoka kambi ya chini hadi upenyo wa Atsunta:
saa mbili, dakika arobaini na moja.
Ungeniuliza ni ua gani lililochanua njiani
ningesema, jeupe hivi. Au manjano.

Ndipo mfupa wa muundi ukatia ufa,
mwembamba kama unywele kwenye sabuni.
Daktari akainua picha dirishani, akasema:
mfupa hauna haraka, Mzevinar.
Nikauza viatu vya mbio miezi saba,
nikiwapigia magoti watu wenye miguu mizima.

Binamu yangu ndiye aliyeleta fomu.
Kuongoza watalii? Nilicheka hadi nikakohoa.
Kutembea, kwangu, kulikuwa ni mbio zilizoshindwa.

Lakini nilikwenda. Nikasoma fundo na kamba,
namna ya kufunga bega lililoteguka,
mawingu yapi ni porojo na yapi ni ahadi.
Mtihani wa mwisho: watu sita, uwavushe Atsunta.
Nikawavusha. Yaani, nilivuka.
Nilikaa juu pale nikitafuna karanga,
nikaitazama saa kwa siri, nikafurahi.

Robo saa. Nusu saa.
Akatokea Ushangi, mtahini, ana mikoba miwili,
na nyuma yake Tsiuri, daktari wa meno kutoka Kutaisi,
uso umemwiva, malengelenge yamempasukia soksini.
Ushangi akaniuliza: Wa mwisho yuko wapi?
Nikamwonyesha: huyo hapo, unaye.
Akasema: Mimi ninaye.
Akatoa kalamu, akaipasha moto kwa pumzi, akaandika.

Rudi mwakani.

Mwaka huo nilimfuata farasi.
Wa Gulisa, mama asiyesema asubuhi,
farasi wa kijivu, Lurja, mzigo kilo themanini.
Nilimvuta siku ya kwanza; akasimama.
Nikamvuta tena; akakojoa, taratibu, kwa heshima zote.
Gulisa akanipokonya kamba bila neno
akanipeleka nyuma, kwenye mkia na nzi.
Huko nyuma ndiko nilikojifunza kutembea:
hatua fupi, kisigino kizima, pumzi kupitia puani,
na kuwajua watu kwa migongo yao.
Anayechoka huanza kuzungumza sana.
Anayechoka zaidi hunyamaza.

Na lile ua linaitwa deka.
Ni jeupe, majani mazito kama ngozi ya kiatu;
wachungaji huyachemsha, chai yake chungu kidogo.
Nilikuwa nimelipita mara mia.

Mtihani wa pili, mita mia mbili chini ya upenyo,
upepo uligeuka ukanuka chuma.
Kilele kile pale, ningekigusa kwa dakika kumi na mbili.
Miguu yangu iliniomba, nakiri, iliniomba kama mbwa.
Nikasema: Tunarudi.
Mmoja alinitukana kwa Kijerumani.
Ushangi alifunga zipu ya koti, akageuka wa kwanza,
akaniachia nyuma yote.

Usidhani nimeongoka.
Wageni wakishakoroma, navua koti,
napanda mbio hadi mnara wa mawe juu ya Dartlo,
gizani, bila saa, mbwa wa kondoo wakibweka bondeni,
nashuka koo likiwaka, nikiwa mimi yule yule.
Kisha nachutama mbele ya mahema
nahesabu viatu.
Kumi na viwili.
Nahesabu tena.