Mchirizi

Hesabu yangu mimi ni ya mkono:
shibiri, pima, ukucha wa kidole gumba.
Miaka thelathini na mitatu hapa Micheweni
nimelikunja bati likawa ndoo, likawa karai,
likawa mlizamu wa msikiti,
na hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba bati langu halijui njia.

Akaja Chumu binti Faki, mwalimu wa sayansi,
viatu vyake vimeshika tope la bonde,
kabeba jani la mpunga kwa ncha zote mbili
kama mtu aliyeazima kisu.
"Fundi Shaame, tazama."
Akachovya kidole ndooni, akadondosha tone.
Tone likasimama duara, jicho la samaki.
Akaliinamisha jani kwa urefu: tone likakimbia.
Akaliinamisha kwa upana: likagoma,
likatetemeka pale pale
kama mtoto aliyetumwa nyumba yenye mbwa.

"Lina mistari," akasema. "Huyaambia maji:
huku ruhusa, huku marufuku."
Nikavaa miwani. Mistari nikaiona.
Nta iliyo juu ya mistari sikuiona;
niliijua kwa kuwa jani halikulowa.

Hapa kwetu kisima kina chumvi,
na mvua ikigusa jiwe la matumbawe haikai, huzama.
Lakini usiku paa hutoa jasho.
Umande hulala juu ya bati, matone elfu,
kila moja limeng'ang'ania mahali pake
kama mwenye hati ya kiwanja,
mpaka jua lichomoze liyale yote,
na ndoo chini ya paa, kavu.
"Nataka yashuke," alisema Chumu, "kabla ya jua."

Tukaanza na msumari. Vibaya.
Mchoro wa msumari ni jeraha,
maji yakaingia humo yakakaa.
Tukashika shazia, ile sindano ya magunia,
mstari kando ya mstari, kwa rula yake ya shule,
siku nne,
mpaka nikawa naona mistari kwenye sahani ya wali,
kwenye mkeka, kwenye paji la uso la mke wangu,
naye akaniuliza nakodolea nini.

Nta ya nyuki ghali, na iliyeyuka mchana wa kwanza.
Mwisho ikatoka koroboi
iliyosahauliwa uvunguni tangu umeme ufike.
Tukapitisha bati juu ya moshi wake, polepole,
likawa jeusi kama sufuria ya harusi.
Mimi, niliyeuza bati kwa kung'ara kwake!
Chumu akadondosha tone juu ya masizi
likaruka. Wallahi liliruka,
likashika mstari, likateremka,
halikuacha hata alama ya kupita.
Tukatazamana. Niliyecheka kwanza ni mimi.

Usiku ule sikulala. Karibu na alfajiri, ndooni:
ti.
Kimya kirefu.
Ti.

Finjani tatu. Mke wangu Mgeni akazitazama.
"Kwa siku nne?"
Akanywa moja, akakunja uso kwa masizi.
Akatulia.
"Halina chumvi," akasema,
akanywa ya pili.

Mvua za vuli zilipoanza, wiki moja tu,
masizi yote yakaenda na maji,
bati likarudi kuwa bati.
Ila mpunga ulinyeshewa mvua hiyo hiyo,
ukapigwa na upepo, ukakanyagwa na ndege,
na asubuhi tone likasimama juu yake duara
kama siku ya kwanza.
Jani hujipaka nta lenyewe, usiku, bila koroboi.
Bati langu linaningoja mimi.

Jana nimemkuta Chumu bondeni, ameinama,
analisugua jani kwa kidole, taratibu,
mpaka tone likashindwa kusimama, likatandaa.
Kisha akalifunga uzi mwekundu
apate kulitambua wiki ijayo.
Sikumuuliza kitu.
Nimerudi, nimekata bati jingine,
nimelilaza juu ya meza bila mstari hata mmoja.
Nasubiri jani liseme.