Sekunde Arobaini na Moja

Mwaka wa tatu, Mbarara, darasa la usimamizi wa uzalishaji.
Daktari Nuwagaba alichora chupa ubaoni,
akaizungushia shingo kwa chaki nyekundu.
"Tumbo kubwa si hoja," alisema. "Maji humtii shingo.
Nendeni mkaitafute, mniletee kwa namba."

Mimi nikapangiwa Rushere, kituo cha kupokea maziwa:
tangi moja la baridi, lita elfu tano,
jenereta lenye kikohozi,
benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali.
Saa kumi na mbili na robo nilishakaa,
daftari gotini, saa ya simu kiganjani,
umande umeingia hadi kwenye soksi.

Wakaja kwa baiskeli, kwa bodaboda,
makopo mawili mawili, yamekazwa kwa mpira wa tairi.
Kupima uzito: sekunde kumi na nne.
Kumimina: ishirini na mbili.
Kuandika kitabuni: tisa; kalamu ikigoma, kumi na tano.
Na mezani kwa Katungi, mpimaji,
mwenye kile kioo kinachoelea ndani ya maziwa:
sabini na tatu.

Nikaichanja shingo nione ndani.
Kazi ya kioo, thelathini na mbili.
Arobaini na moja zilizosalia, soga:
*Agandi. Mlilalaje huko?
Mama amerudi hospitali?
Na Bihogo wako, ule mguu?
Kyozi je, kazaa?*

Usiku nikapiga hesabu kwa tochi ya simu.
Watu mia na kumi na wawili, mara arobaini na moja:
saa nzima na dakika kumi na sita na ushei
kila asubuhi inayoyeyuka juani, na maziwa yanachacha.
Nikaandika pendekezo la kwanza: *Salamu ziondolewe.*
Nikalipigia mstari kwa rula.
Nililala usingizi wa aliyefaulu.

Siku ya tisa akafika Beinomugisha, kofia imepauka.
Kioo kikaelea vizuri, mahali pake hasa.
"Na Bihogo?" Katungi akauliza, kama anayeuliza habari za mvua.
Yule bwana akatazama buti zake.
"Alidungwa sindano. Juzi jioni."
Katungi akalifunika kopo taratibu,
kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.
"Haya. Yake yatenge. Ulete tena Jumamosi."
Hawakugombana. Wala foleni haikuguna.

Mimi ndiye niliyeingiwa na baridi.
Kioo huona maji. Sindano hakiioni.
Kopo moja lile, na tangi zima lingerudi kutoka kiwandani
na lori, na dereva, na matusi yake.
Nikalitazama pendekezo langu, limenyooka kwa rula,
nikasugua kwa kifutio hadi karatasi ikatoboka.

Siku mbili nilikaa na lile tundu.
Kisha nikamwambia: "Kaka, nao wamesimama tu pale.
Kwa nini usiwaulize wakiwa kwenye foleni?"
Akacheka. "Na kioo nimwachie nani, ndama?"

Nikakishika mimi.
Akatembea mstari mzima, mikono mfukoni,
Bihogo, Kyozi, Mayenje, harusi, homa, kisima,
na aliyefika mezani alikuwa ameshaulizwa.
Saa tatu kasorobo tangi likafungwa.
Hapo awali ilikuwa saa nne, siku nzuri.

Ripoti nikaifunga kwa jalada la bluu:
kurasa thelathini na sita, michoro minne, shingo imepanuka.
Daktari akanirudishia baada ya wiki mbili.
Alama nzuri. Ila ukurasa wa mwisho, pembeni,
kwa wino uleule mwekundu wa chupa, kaandika:

*Na aliyeshika kioo, alilipwa na nani?
Wewe ukirudi chuoni, atakishika nani?*

Muhula umekwisha. Bado sijamjibu.
Kila alfajiri, kabla kengele ya bweni haijalia,
najua huko mtu wa kwanza ameshalaza baiskeli.