Huwa Linalia Hivyo

Nilipofika Duluth kulichukua
injini ilikuwa imeshapashwa moto.
Hilo peke yake lilitosha kunirudisha nyumbani,
lakini lilikuwa jekundu, milango minne, gia za mkono,
silinda sita mstari mmoja kama watoto wa shule,
na mimi, Marlys, miaka hamsini na minne,
sikuwa nimetamani kitu tangu talaka.

"Huwa linalia hivyo," alisema Harlan Buchwald
akihesabu noti, macho hayainuki.
Huwa.
Neno la watu waliokwisha kuuzoea ugonjwa.

Asubuhi, baridi ikiuma hadi kwenye fizi,
nikalisikia mwenyewe.
Gia huru: kwara-kwara, mbegu ndani ya kopo.
Nikanyage klachi: kimya.
Niachie mafuta kwenye mteremko, ziwa likiwa jeupe mbele yangu: ngo!
Na gia ya tatu, ikipanda kilima,
sauti nyembamba, ya puani,
kama mtu anayekumbuka jambo asilotaka kulisema.

Shemeji yangu Orrin, fundi wa mabasi ya shule
tangu magoti yake yakiwa mazima,
alilala juu ya zege akaniweka mimi kwenye usukani.
"Washa. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena."
Ncha ya bisibisi kwenye giaboksi,
mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio.
"Usiuamini mlio," alisema. "Chuma kina umbea.
Kinacholia nyuma huenda kimevunjika katikati."

Tukashusha ekzosi, tukashusha propela shafti.
Mpira unaoishika giaboksi ulikuwa umechanika
mahali pa bolti tatu, midomo wazi.
Beringi ya katikati ilizunguka kwa kusitasita.
Oili ya gia ilitoka nyeusi, na ndani yake
unga wa shaba ukimeta chini ya taa,
mzuri, Mungu nisamehe, mzuri kabisa.
Tukabadilisha bushi za difu kwa nyundo na matusi ya Kinorwe
aliyoachiwa Orrin na bibi yake.

Flaiwili tuliiacha.
Ilitaka mshahara wangu wa mwezi na migongo yetu yote miwili.
"Hiyo haiui," Orrin alisema. "Inasumbua tu.
Kama mimi."

Ngo ikafa.
Ila pale ilipokuwa imelala ngo
ikaamka ti.
Ti, nikiachia mafuta. Ti, nikifunga breki.
Ukucha kwenye kikombe.
Wiki tatu nilikaza kila nati iliyokubali kukazwa.
Nilitoa kiti cha nyuma. Nilitoa tairi la akiba.
Nilianza kuisikia kazini, katikati ya dawa za wagonjwa,
nikiwa sijakaribia gari.

Jumapili moja, mkono hadi kwapani
juu ya fremu ya difu, upande wa kushoto,
vidole vikagusa kitu cha mviringo, baridi, kilichojificha
kama peremende mfukoni mwa koti la msiba.
Soketi namba kumi.
Ubavuni, kwa rangi ya kucha: H.B.

Nilikaa chini, kwenye zege, nayo kiganjani.
Miezi minne nilimwita mwizi,
nilisema ameniuzia mbuzi kwenye gunia;
kumbe mwenyewe alikuwa ndani ya gunia hilo,
akipapasa.

Nikampigia simu. Nikamweleza.
Kimya kirefu; nyuma yake televisheni,
mtu akishangiliwa kwa kitu fulani.
"Ilikuwa upande gani?"
"Kushoto."
"Kushoto," akarudia.
"Mimi nilitafuta kulia.
Majira mawili ya baridi, bibie. Kulia."