Nipe Mji

Nimefeli karatasi moja tu, ya Mwalimu Msellem,
na Jumatatu nairudia.
Swali la nne nalijua kwa sura:
kanuni ijiitayo yenyewe ndani ya maana yake,
maana yake nini?

Duka la fotokopi, Tudor, mkabala na geti la chuo.
Umeme umekatika tangu alasiri.
Mashine imebana cheti cha mtu, nusu ndani nusu nje,
nami nasoma daftari kwa tochi ya simu.

Anza na asiyejua kitu, aliandika Msellem ubaoni.
Muulize sifuri, kimya. Muulize moja, kimya.
Mpitishe kwenye kanuni:
sasa sifuri anaijua, basi.
Mpitishe tena: sifuri na moja.
Tena: sifuri, moja, mbili.
Habuni kitu. Analolijua leo
limekaa juu ya alilolijua jana,
na la jana juu ya la juzi,
na la juzi juu ya kile kimya.

Mpaka lini? niliuliza, kwa kiburi cha wakati ule.
Akapangusa chaki kwenye suruali.
Mpaka kanuni impokee
na imrudishe vile vile,
haina la kumwongeza.
Hapo ndipo nukta isiyohama.

Kwenye mtihani nilichora duara, nikaandika "hujirudia".
Nikapata alama mbili, moja ya huruma.

Zamzam wa dada yangu, miaka saba,
giza limemchosha, anavuta mkono wa shati langu.
— Kitendawili!
— Tega.
— Akiingia ndiye, akitoka ndiye.
Nikasema kivuli. Nikasema mwangwi.
— Siyo. Nipe mji.
— Haya, chukua Mombasa.

Akafumba macho, akajiweka sawa juu ya ream za karatasi.
"Nilikwenda Mombasa,
nikapita Makupa, nikapita Tononoka, nikashuka Tudor,
nikakuta duka halina umeme,
nikamkuta mjomba na tochi, kitendawili kimemshinda,
nikamwambia nipe mji, akanipa Mombasa,
basi nikaenda Mombasa,
nikapita Makupa, nikapita Tononoka…"

— Na jibu?
— Ngoja, sijafika.

Nikangoja. Mara ya tatu Makupa, mara ya nne.
Kumbe mtoto hana sifuri.
Hana pa kukanyaga, pale ambapo mtu husema
hapa simuulizi mwenzangu, hapa najua mwenyewe.
Mji nimempa yumo ndani yake,
ukienda ndio huo, ukirudi ndio huo,
na kanuni yake, ukiichimba hadi chini kabisa,
utakuta yule wa mwanzo, asiyejua kitu,
amekaa kimya chake.

Nikaiandika hiyo, haraka, pembeni mwa swali la nne,
kalamu ikitoboa karatasi.

Tononoka ya tano sauti ikalegea.
Kichwa kikaniangukia begani.
Umeme uliporudi, mashine ilikohoa,
ikatema nusu ya cheti iliyobaki, jina la mtu likiwa limepinda.
Nikamfunika mtoto kanga ya kufutia vioo.

Jibu la kitendawili amelala nalo.
Kesho nitamuuliza.
Najua ataniambia nini kwanza.