Kisu Mwaka Huu ni Changu

Oktoba, Karasjok. Zizi linafuka mvuke.
Baba kakaa juu ya gogo, kiganja kifuani,
kakatazwa kuinua chochote kizito kuliko birika,
kwa hiyo kisu mwaka huu ni changu.

Nampasua kulungu wa theluji kama nilivyofunzwa,
makali yakitazama juu, utumbo usiguswe,
kisha nazamisha mkono hadi kiwikoni
nautoa moyo. Bado una moto.
Mbwa wanainuka wote kwa pamoja.

"Lete hapa," asema Baba.
Aliyepasuliwa anataka kuona alikopasuliwa.

Ananyanyua birika, ndilo ruhusa yake,
anamimina maji ndani ya mshipa mkuu.
Maji yanajaa, yanatulia, hayashuki.
"Umeona? Mlango umefunga.
Wangu ulikuwa unavuja."

Kule Tromsø walimwekea mwingine,
ulioshonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe.
Ng'ombe! Miaka sitini na tisa nyuma ya kulungu,
na hakuna aliyemuuliza.

Naukata moyo kwa urefu, naulaza ubaoni.
Vyumba vinne, viwili juu, viwili chini.
Ukuta wa kulia mwembamba,
kwani safari yake ni ya mapafuni tu,
ya kwenda kwa jirani kuazima chumvi.
Wa kushoto mnene kama soli ya buti:
huu ndio unaofika masikioni, kwatoni,
popote penye nyama inayodai pumzi.

Ánte, mtoto wa kaka yangu, hana subira.
"Na samaki?"
Viwili tu. Damu hutoka moyoni, hupita matamvuani,
huendelea mwilini hivyo hivyo, bila kusukumwa tena.
"Na chura?"
Vitatu. Iliyochoka na iliyopata hewa hukutana chini,
na bado anaruka.
"Na mbu?"

Hapo Baba anatema mate.
Mbu ana mrija mgongoni, basi, mishipa hana,
damu yake haina hata rangi,
inatembea ovyo mwilini kama supu sufuriani.
Ile nyekundu ni yetu.

Jua linashuka saa tisa. Nachuna mguu.
Kuna jambo hapa nililiona utotoni nisilielewe:
ateri inashuka na joto la kifuani,
vena inapanda na baridi ya theluji,
na njia nzima zinakwenda ubavu kwa ubavu.
Hazichanganyi damu. Joto pekee ndilo linalovuka.
Inayopanda inapashwa kabla ya kufika moyoni,
inayoshuka inapoa kabla ya kufika ukwatoni,
ndiyo maana mnyama husimama juu ya barafu usiku kucha
na asipoteze kitu.

Namwonesha Baba. Anaitazama mishipa ile miwili
muda mrefu kuliko alivyoutazama moyo.
"Mama yako," anasema, "miguu yake ilikuwa barafu.
Miaka arobaini na mmoja aliiegemeza kwenye yangu."
Kisha anaomba kahawa, na mimi najifanya
natafuta sukari.

Usiku, hemani, moyo tunaukaanga kwa chumvi.
Baba anakula vipande viwili, anasukuma sahani.
Tunasema moyo unapiga.
Daktari alimwambia haupigi chochote,
unakunja ngumi na kuikunjua,
na sauti tuisikiayo ni milango ikijifunga.

Ánte anaweka sikio kwenye shati la babu yake,
upande wa kushoto wa kovu.
Nje kulungu wanapita, vifundo vyao vikialika,
ta, ta, ta, juu ya ardhi iliyoganda.

"Unamsikia ng'ombe wangu?"
Mtoto anainua kidole: nyamaza kwanza.

"Anatembea," asema.