Mshika Bendera

Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni,
lakini Mafinga baridi ndiyo inayopanga saa.
Kumi na moja na nusu wote wamekwishafika,
makoti juu ya suti,
wakigombea upande wa ukumbi wenye jiko la mkaa.

Nawatazama wakiingia.
Vitalis Kihwele. Odilo Mgimwa. Chengula Mdogo
(Mdogo ana miaka sabini na moja).
Kila mmoja, akivuka kizingiti,
anakata kushoto.
Meza yao iko kulia.

Miaka kumi na miwili ya kuzunguka kushoto tu
nyuma ya kiwanda cha mbao,
kwenye duara tulilolimwagia maranda
ili mtu akianguka aangukie kitu chenye huruma,
haitoki mwilini eti kwa sababu mtu amezeeka.

Pikipiki zile hazikuwa na breki.
Wajukuu nikiwaeleza wanacheka.
Breki ilikuwa mguu wa kushoto,
umevishwa kiatu cha chuma
alichofua Mdegela kutoka springi ya Landrova iliyokufa.
Kilitoa cheche. Mara mbili uwanja ulishika moto,
mara mbili mbio ziliendelea.
Na harufu ilikuwa ya nyonyo, tuliyochanganya na mafuta ya injini:
hadi leo nikipita nyumba wanakomkanda mtoto mchanga
nasikia watu wakipiga kelele kwenye kona.

Pilau imeliwa. Mwenyekiti anasoma tuzo.
Ya mifupa mingi iliyovunjika: Odilo, kumi na saba.
Odilo anasimama, anaomba iandikwe kumi na nane,
kuna kidole kilisahauliwa.
Ya pili ni ya Gaudensia Nyenza,
aliyeuza ulanzi getini
na kwa sindano ileile ya magunia
akatushona tulipochanika.
Halafu kombe la fainali ya themanini na tatu,
ambalo siku yenyewe fundi hakuwa amelimaliza,
na hata sasa lina sikio moja.
«Atakayemkabidhi mshindi ni mshika bendera wetu.»

Mimi.

Sijapata kumwambia mtu, hata mke wangu.
Mzunguko wa mwisho ukungu ulishuka kutoka kwenye misonobari
kama mtu aliyeangusha shuka.
Nilisikia mashine mbili. Sikuona hata moja.
Nikashusha bendera kwa masikio,
na waliponiuliza nani, nikasema Kihwele.
Kwa nini Kihwele? Jina lilikuwa karibu na mdomo.
Chengula alivua kofia, akaipangusa kwa kiwiko,
akaenda kwao Changarawe akiisukuma pikipiki kwa mkono,
peke yake.

Hotuba nimeiandika nyuma ya kadi, mistari mitano.
Wa tatu ndio wenye ukweli.
Nimefika wa pili,
Kihwele huyo anakuja na fimbo yake,
anakata kushoto, anazizunguka meza tatu zisizo njiani,
ukumbi unapiga makofi ukidhani ni madaha.
Anafika. Ananiinamia sikioni, pumzi ya tangawizi:
«Lete tu, mzee. Hata mimi sikuona.»

Akalichukua, halikumkaa mikononi.
Akalipeleka mezani, akalitia ulanzi,
akamsogezea Chengula, bila neno.
Chengula akanywa. Akaligeuza, akalichungulia chini.
«Linavuja,» akasema,
akaziba tundu kwa kidole gumba, akanywa tena.

Kadi ikabaki mfukoni. Mstari wa tatu na yote.

Saa nne vijana wa bodaboda wakaja kuwachukua,
wamejifunga skafu hadi puani, injini zikikohoa.
Ukungu umeshuka. Nilisimama barazani
nikiwahesabu wakiondoka mmoja mmoja,
taa nyekundu, kisha hakuna taa.
Kila mzee nyuma ya dereva wake,
amelishika koti la kijana kwa adabu,
na mguu wa kushoto umening'inia,
unaitafuta ardhi.